Wasiotazama Tamthilia

Tamthilia ni kitu ambacho hakuna anayekitazama, ila kila mtu anajua kilipoishia jana. Namoruputh, magharibi mwa Lodwar, umeme wa sola huhudumia taa kwanza, kisha simu, na ukibaki kidogo, ndoa za watu wengine. Tamthilia ya Maria, iliyorushwa na Citizen TV kuanzia mwaka 2019, ilimtoa binti mtaa wa mabanda ikamtia katika jumba la matajiri; mtazamaji aliyezoea kuhesabu mbuzi akaanza kuhesabu mapazia. Wanaume, bila shaka, hawatazami. Hupita tu wakitafuta chaja, na chaja ya saa moja unusu hupatikana kipindi kikishaisha. Wao wana DJ Afro, anayesimulia filamu za mapigano kwa Kiswahili cha mtaani na kuwapa waigizaji maneno ambayo hawakuyasema, mara nyingi bora kuliko yao. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, shirika la FilmAid imeonyesha bure filamu za elimu ya afya. Vibanda vya video hutoza kiingilio, na hujaa. Anayetoka humo saa tano usiku akiulizwa, alikuwa akitazama taarifa ya habari.