Jinsi ya Kusomea Mekatroniki Bila Kuunguza Bweni

Barua imefika. Umeitwa kusomea Uhandisi wa Mekatroniki, tuseme JKUAT kule Juja au Dedan Kimathi kule Nyeri, na mtaa mzima tayari unakuita "injinia". Hongera sana. Sasa vuta kiti ukae. Una miaka 5 ya mitambo, umeme, programu na udhibiti, vyote katika kichwa kimoja, na mara nyingine vyote katika juma moja la mitihani. Ni kozi tamu kwa anayejua pa kushika. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Jiandae kwa shangazi

Atakuuliza unasomea nini. Usimhutubie. Mwambie habari za mashine ya kufulia: mota inazungusha pipa, kihisi kinapima kina cha maji, na kompyuta ndogo ndani yake inaamua maji yatoke lini. Vitatu hivyo vikielewana, nguo zinatakata. Ndiyo kozi yako hiyo.

Atafurahi, kisha atakuletea televisheni iliyozimika tangu Krismasi. Hapo shika adabu ya kazi. Kapasita za ndani zinaweza kuhifadhi umeme mkali hata baada ya kuchomoa waya ukutani, kwa hiyo usiifungue kwa kuwa tu umeitwa injinia. Ipeleke kwa fundi wa mtaani, omba ruhusa ukae kando yake, na umtazame mikono. Umepata mhadhiri wa kwanza kabla muhula haujaanza.

Hatua ya 2: Ipende tupa

Ulikuja kuunda roboti, nao karakanani wanakukabidhi tupa, kipande cha chuma na saa nzima za kusugua. Usinune! Shafti iliyopaswa kuwa milimita 10 ikitoka na 10.2, haitaingia katika beringi ya tundu la milimita 10, na hakuna programu duniani itakayoisukuma ndani. Chuma hakina huruma na hakidanganywi. Mwanafunzi aliyeumia vidole kwa tupa huchora sehemu zinazoweza kutengenezwa. Asiyeumia huchora maajabu, kisha fundi wa karakana humrudishia karatasi huku akitikisa kichwa.

Hatua ya 3: Usiitoroke hesabu

Darasa la Laplace litakutisha, na wenzako wa mwaka wa juu watakukoleza hofu. Nenda tu. Kazi ya Laplace ni kugeuza milinganyo migumu ya mwendo iwe aljebra ya kawaida, ukaweza kujua kabla ya kuwasha umeme kama mkono wa roboti utatulia au utatetemeka mpaka ung'oke.

Ukifika kwenye kidhibiti cha PID, jua kwamba hakikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1922, mhandisi Nicolas Minorsky alichapisha uchambuzi wa namna ya kuiendesha meli ijishike njia yenyewe. Msingi wake ulikuwa mwenendo wa mshika usukani hodari, ambaye huangalia mambo matatu: meli imepotoka kiasi gani sasa, imekuwa ikipotoka kwa muda gani, na inazidi kupotoka kwa kasi gani. Herufi 3 za PID ndizo hizo. Ukiwa unabadilisha namba zake usiku wa manane, mkumbuke yule baharia na ubadilishe moja baada ya nyingine. Anayezigeuza zote tatu kwa pamoja anacheza bahati nasibu.

Hatua ya 4: Nunua mita kabla ya magurudumu

Mkopo wa masomo ukiingia, miguu itakupeleka Luthuli Avenue, Nairobi, ambako vioo vya maduka vimejaa mota na vihisi. Anza na mita ya kupimia umeme. Roboti isiyo na mita ni mgonjwa asiye na daktari: inakufa, na hamjui ilikufa kwa nini.

Hatua ya 5: Chunguza maungio

Hapa ndipo penyewe, kwa hiyo tukae kidogo.

Ni usiku wa kuamkia maonyesho ya mradi. Gari lenu dogo halisogei. Wa programu anasema kosa ni la umeme, wa umeme anasema ni la gia, wa gia amenuna na soda yake. Kila mmoja anaapa upande wake ni mzima, na mara nyingi wote wanasema kweli! Ugonjwa wa mekatroniki hupenda kukaa mahali kitu kimoja kinapokutana na kingine.

Pini moja ya Arduino Uno, ile bodi ndogo inayobeba programu yenu, isibebeshwe zaidi ya miliampea 40, na ni salama zaidi kubaki kwenye 20. Mota ndogo iliyokwama huweza kudai mamia. Ukiiunganisha moja kwa moja, umeiua pini. Weka saketi ya kuendeshea mota katikati, na diodi ya kumeza mshtuko wa umeme mota inapozimwa. Kisha hakikisha hasi ya betri ya mota na hasi ya Arduino zimeunganishwa. Waya huo mmoja uliosahaulika umewakosanisha marafiki wengi, maana bila huo vifaa haviafikiani sifuri iko wapi.

Basi acheni kulaumiana. Fuateni ishara kwa mita, hatua kwa hatua, tangu kihisi hadi gurudumu. Inapopotea, hapo ndipo pa kutengeneza.

Hatua ya 6: Linda bweni

Betri ya LiPo (litiamu-polima) ya roboti yako ikijaa hufikia volti 4.2 kwa kila seli. Tumia chaja yake halisi, usiilalie usingizi ikichajiwa, na ikivimba usiitumie tena, maana inaweza kuwaka moto. Wenzako wa chumba wana mitihani pia.

Hatua ya 7: Kiwandani, fungua masikio

Wakati wa atachi, yaani mafunzo ya kazini, utakutana na fundi aliyezeeka na mashine zake. Husikia beringi inayokufa kabla kihisi hakijatoa habari. Msalimu kwanza, muulize, andika. Na usitie mkono kwenye mashine kabla swichi kuu haijazimwa na kufungwa kufuli.

Hatua ya 8: Chagua mradi wenye mwenyewe

Mwaka wa mwisho, wengi huunda kitu cha kumpendeza mhadhiri kwa dakika 15. Wewe mtafute mfugaji, umtengenezee inkubeta. Mayai ya kuku yanataka joto la karibu nyuzi 37.5 kwa siku 21, yageuzwe mara kadhaa kwa siku, na kugeuza kukome siku 3 kabla ya kuanguliwa. Hapo pana kipasha joto, feni, mota, kihisi, programu, na stima inayopotea bila kuaga. Kozi yako yote imo ndani ya sanduku moja.

Mkabidhi alitumie bila wewe kusimama kando. Likisumbua, beba mita uende. Uhandisi ni kumjibu mtu aliyeweka mayai yake mikononi mwako, na miaka 5 ni muda wa kutosha kujifunza kumjibu vizuri.