Mikasa ya Mgeni Anayepanda Bagira

Bagira ni mojawapo ya komine tatu za mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, pamoja na Ibanda na Kadutu. Wageni wengi wa mji huu huishia Ibanda, kwenye rasi zinazoingia ziwani, penye hoteli, kanisa kuu lenye kuba na viti vya kukalia kutazama maji. Anayevuka hapo na kwenda Bagira huwa na sababu: ana ndugu wa kumwona, amealikwa harusi, au ameambiwa kwamba Ziwa Kivu huonekana vizuri zaidi kutoka huko juu. Sababu zote tatu ni halali. Kinachosahauliwa ni kumwambia kipimo cha huko juu.

Ziwa lenyewe liko kwenye mita zipatazo 1,460 kutoka usawa wa bahari, na Bagira huanzia karibu na maji kisha ikapanda. Chini, kando ya barabara kuu iendayo Kavumu na Goma, kuna kiwanda cha bia, na mahali pale pameitwa Brasserie. Juu kuna mji wa nyumba uliojengwa na Wabelgiji katika miaka ya 1950, wakati jina la Costermansville lilipokuwa likifutwa kwenye ramani na Bukavu kuchukua nafasi yake. Kazi hiyo ilifanywa na Office des Cités Africaines, ofisi iliyoundwa mwaka 1952 kujenga makazi ya wafanyakazi Waafrika katika miji mikubwa ya Kongo na Burundi. Ofisi hiyo ilipenda mistari iliyonyooka na nyumba zinazofanana, kilima hakikuulizwa. Kati ya uamuzi huo wa ofisi na msimamo wa kilima ndipo inapozaliwa mikasa mingi ya mgeni.

Mkasa wa kwanza humpata kabla hajaiona Bagira. Mgeni atokaye Tanzania, Kenya au Uganda huingia mara nyingi kupitia Rwanda, akavuka mto Ruzizi kwa daraja. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini saa zake hazikujiunga: Bukavu iko saa moja nyuma ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Mgeni asiyerudisha nyuma mkono wa saa yake hufika mahali pa miadi saa nzima kabla ya wakati, akamlaumu mwenyeji kwa kuchelewa. Mwenyeji naye hufika akiwa amechelewa kwa saa yake mwenyewe, kwa hiyo lawama haipotei bure. Asiyekuwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano hana haja ya kuhesabu saa, kwa kuwa atakuwa bado mpakani akieleza kwamba kadi ipo, ila ipo nyumbani.

Mkasa wa pili ni wa pesa. Bukavu hutumia sarafu mbili kwa pamoja, dola ya Marekani na faranga ya Kongo, na kila moja ina sheria zake za urembo. Dola hutakiwa iwe kama bibi harusi: safi, nyororo, isiyo na doa. Muuzaji huishika kwa ncha za vidole, akaielekeza kwenye jua, akaigeuza, akapitisha ukucha kwenye kingo zote nne. Akiona mchaniko mdogo kuliko punje ya mtama, hurudisha noti kwa upole wa daktari anayetoa habari mbaya: "Hii imepasuka, papa." Mgeni huapa kwamba Marekani noti hiyo ingepokelewa. Muuzaji hakatai, humshauri tu aipeleke Marekani. Noti ya dola moja nayo, hata ikiwa mpya kabisa, hutazamwa kama mtoto aliyekuja mkutanoni bila mzazi.

Faranga haidaiwi lolote kati ya hayo. Noti ya faranga 500, ambayo mwaka 2024 haikufikia robo ya dola, huweza kuwa imekunjwa mara nyingi, imeshonwa kwa utepe, inanuka samaki na imepoteza pembe mbili, na bado ikapokelewa bila neno. Hivyo mgeni aliyekataliwa noti ya dola 20 kwa sababu ya mchaniko asiouona hupewa chenji ya vipande vya karatasi ambavyo yeye angevitupa. Dawa iko kwa wabadilishaji wa kando ya barabara: huinunua dola mgonjwa kwa bei ya chini, na hapo mgeni hujifunza thamani halisi ya punje ya mtama.

Akishapata faranga, huanza safari yenyewe. Kwenye vituo vya katikati ya mji basi dogo husimama huku konvoyeri, yaani kondakta, akiita "Bagira, Bagira, Bagira!" kwa sauti ya mtu anayeona milango ya basi ikifungwa sasa hivi. Mgeni hukimbia, akaingia, akakaa. Kisha basi halitoki. Hungoja lijae, na kujaa hapa hakupimwi kwa viti bali kwa subira ya abiria. Katika teksi ndogo hesabu hujulikana zaidi: wanne nyuma, wawili mbele pamoja na dereva, na anayekaa kati ya dereva na mwenzake hugawana goti lake na gia. Magari mengi ya mashariki mwa Kongo yana usukani wa kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia. Abiria wa mbele hukaa upande wa magari yanayokuja, na kila dereva anapotaka kulipita lori, huyo abiria ndiye huona kwanza kama inafaa. Mgeni aliyepewa kiti cha mbele kwa heshima hugundua kwamba heshima hiyo ina kazi ndani yake.

Kuna pia hila ya kuikata njia, ambayo Wakongo huiita demi-terrain. Basi lililotangaza Bagira hufika katikati ya njia, dereva akatangaza kwamba mwisho ni hapa. Abiria hushuka wakinung'unika, wakalipa, na dakika chache baadaye basi lilelile, au ndugu yake, huanza kuita tena "Bagira, Bagira!" Wenyeji huuliza mapema kama gari linafika mwisho. Mgeni huuliza baadaye, akiwa amesimama Brasserie na begi lake, mbele yake kilima.

Hapo hujitokeza madereva wa pikipiki. Bei ya pikipiki kwenda juu hutegemea mambo manne: umbali, mvua, saa ya siku na viatu vya abiria. Viatu vilivyong'arishwa hupandisha bei, kwa kuwa vinaonyesha kwamba mwenyewe hana nia ya kutembea. Anayetoka upande wa Rwanda amezoea kukabidhiwa kofia ngumu kabla ya kuketi. Bukavu aghalabu hukabidhiwa begi lake mwenyewe alipakate. Pikipiki ikiwa na nguvu, hupanda. Isipokuwa nayo, dereva humwomba abiria ashuke kidogo mahali penye mwinuko, atembee hadi juu, wakutane huko. Nauli haipungui. Umbali ni uleule, asema dereva, na kwa hilo hana kosa.

Anayeamua kupanda kwa miguu hukumbana na sayansi ya maelekezo. Kwanza ni lazima asalimie, kwa maana anayeuliza njia bila "Jambo, mama" hujibiwa salamu ambayo hakuitoa, kisha husubiriwa aitoe. Baada ya hapo huambiwa: "Haiko mbali. Unapanda, unapanda, kisha unashuka kidogo, ni hapo tu." Kauli hii ni ya kweli neno kwa neno. "Hapo tu" ni kipimo cha miguu ya mzungumzaji, ambaye tangu utoto amekwenda shule, kanisani na sokoni kwa kupanda na kushuka. Mgeni wa Mombasa au Zanzibar, ambaye mapafu yake yamesomea usawa wa bahari, husimama kila baada ya nyumba kumi akijifanya anatazama mandhari. Mandhari humfaa sana. Bila yake angelazimika kusema ukweli.

Anapokuwa amesimama hivyo hupitwa. Hupitwa na watoto wanaokimbia na bidoni za maji, na mzee mwenye mkongojo anayemsalimia bila kuhema. Hupitwa pia na wanawake wanaobeba mizigo mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, magunia ya unga, makaa au mihogo, kwa uzito ambao mgeni asingeweza hata kuuinua. Kazi hiyo ni ya kuchosha na ujira wake ni mdogo, na watu wa Bukavu hawaioni kuwa kivutio. Mgeni anayelalamikia begi lake mbele ya mmoja wao hufanya hivyo mara moja tu maishani.

Juu huanza fumbo la nyumba. Zile zilizojengwa na ofisi ya Wabelgiji zilitoka kwenye michoro michache, na ingawa wenyeji wameziongezea vyumba, kuta, vibaraza na mabati kwa muda wa miaka sabini, bado mgeni anayeelekezwa "nyumba yenye mlango wa bluu" huona milango ya bluu kila upande. Hutokea akaingia nyumba isiyo yake. Kwa desturi ya pale, mgeni hakaguliwi mlangoni: hukaribishwa, hupewa kiti, huulizwa hali ya safari na ya waliobaki nyumbani. Huletewa maji ya kunawa, kisha chakula. Ni katikati ya bugali, yaani ugali, ndipo mwenye nyumba huuliza kwa adabu, "Na nyinyi, papa, munatafuta nani?" Kosa likishajulikana, chakula humaliziwa kwanza. Baadaye mtoto mmoja hutumwa amfikishe kwenye nyumba sahihi, milango michache mbele, ambako huko nako chakula kiko tayari na kukataa ni tusi.

Chakula chenyewe kina mitego yake. Bugali la mtu mmoja hutosha wawili. Sambaza, samaki wadogo waliohamishwa kutoka Ziwa Tanganyika na kumwagwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, huliwa wazima, kichwa na mkia. Anayeanza kuwatoa miiba huwa bado na samaki wa tatu wakati wenzake wananawa mikono. Pilipili huwekwa pembeni kwa kiasi kidogo, na udogo huo ni onyo. Mgeni akiagiza bia moja, huletewa chupa ya sentilita 72, na kiwanda kiko chini ya kilima, kwa hiyo haiishi upesi. Athari za chupa ya pili hazionekani mtu akiwa ameketi. Huonekana kwenye mteremko.

Picha huwa na taabu ya pande mbili. Ziwa likionekana kutoka juu, na vilima vya Rwanda ng'ambo, mgeni hutoa simu. Kabla hajabonyeza, watoto hujaa mbele wakiita "Foto! Foto!", na picha zote za Ziwa Kivu alizozipiga huwa na vidole viwili vilivyoinuliwa mahali ziwa lilipopaswa kuwa. Akihama kutafuta utulivu, huweza kuelekeza simu upande wa askari, kizuizi au ofisi asiyoijua kuwa ofisi. Swali hufuata: "Unapiga picha ya nini?" Jibu "ya ziwa" huchunguzwa picha moja baada ya nyingine, na hapo ndipo watoto waliojaza fremu huwa mashahidi wazuri wa utetezi.

Mvua hufunga mjadala wowote. Kuanzia Septemba hadi Mei hunyesha mara kwa mara, na udongo mwekundu wa kilima hugeuka sabuni. Pikipiki hukimbilia vibarazani, bei hupanda, mitaro hunguruma. Mgeni huteleza mbele ya watu, na watu husema "Pole, papa" kwa sauti moja kabla hajafika chini. Wenyeji hufika kanisani viatu viking'aa. Siri ni ndogo: wametembea na kandambili, viatu wakavibeba mfukoni, miguu wakaiosha karibu na mlango.

Mkasa wa mwisho hungoja mpakani. Mgeni hununua sambaza wakavu wa kupeleka nyumbani, akafungiwa katika mfuko wa plastiki, akavuka daraja kwa furaha. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008. Mfuko hubaki, sambaza huendelea na safari wakiwa ndani ya kilemba, gazeti au soksi, kulingana na kilichopatikana.

Haya yote ni mambo ya nyakati za kawaida. Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025 na uwanja wa ndege wa Kavumu kufungwa kwa abiria, safari za matembezi zimekuwa chache, na anayetaka kwenda anapaswa kwanza kuuliza hali kwa watu walio huko. Siku atakapokwenda, achague noti zisizo na mchaniko, arudishe saa nyuma, apatane bei kabla ya kupanda pikipiki, na aombe jina la mwenye nyumba badala ya rangi ya mlango. Na aanze kushuka kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa kuwa ifikapo saa kumi na mbili na nusu giza limeshaingia, na basi la mwisho haliwasubiri wanaotazama mandhari.