Kondoo Aliyeitwa Mbweha

Hapo kale, katika nchi ya Uingereza, wanyama walipokuwa wakiishi chini ya mfalme Simba, majina yalikuwa machache na wenye kuitwa walikuwa wengi. Ukisimama malishoni ukaita John, mbuzi, punda na beberu waliinua vichwa pamoja. Ukaita William, nusu ya zizi iliitika. Basi majirani, na ulimi hauna mfupa, wakampa kila mmoja lakabu yake: huyu Armstrong kwa nguvu za mkono, yule Longfellow kwa urefu, na aliyekunywa maji wenziwe wakinywa pombe wakamwita Drinkwater, ama kwa sifa ama kwa dhihaka.

Palikuwa na kondoo mpole, jina lake John, mwenye sufu nyekundu. Wakamwita Fox, yaani Mbweha, kwa rangi ile tu. Na ng'ambo ya mto palikuwa na mbweha, jina lake William, ambaye siku moja, akiwa ameshiba, alijilaza karibu na wanakondoo asiwaguse, na walevi waliopita njia wakamwita Lamb, yaani Mwanakondoo. Ulikuwa mzaha wa jioni moja, nao ungalizikwa pamoja na wenyewe.

Lakini mwaka 1377 mfalme, ambaye vita vya ng'ambo ya bahari vilikuwa vimemlia hazina, alitoza kodi ya kichwa: peni 4 kwa kila raia wa kawaida aliyepita miaka 14, isipokuwa ombaomba. Karani Bundi akazunguka vijijini na kitabu chake. Hakumuuliza yeyote anakula nini wala analala wapi. Aliuliza anaitwaje, akaandika. Na ilipotoka amri ya mwaka 1538 kwamba kila kanisa liandike wabatizwao, waoanao na wazikwao, vitukuu wa kondoo waliandikwa Fox ingawa wengine walikuwa weupe pe, na vitukuu wa mbweha wakaandikwa Lamb, meno yao yakiwa yale yale ya babu.

Ikawadia siku ya kumchagua mlinzi wa zizi. Waombaji walisimama mlangoni, jua likiwamulika vizuri, lakini wazee wa baraza hawakuinua macho; walifungua kitabu. Fox alifukuzwa hajamaliza hata kuamkia. Lamb alikaribishwa kitini na kukabidhiwa ufunguo, na mzee mmoja akatokwa na machozi kwa furaha ya kuona ukoo wa upole ungali hai. Mkia mrefu ulipowapangusa miguu wakati akitoka, walisifu joho lake.

Usiku wa kwanza akapotea mwanakondoo mmoja, usiku wa pili wawili. Baraza likaketi tena, likafungua kitabu tena, na mkosaji akapatikana kabla ya adhuhuri. Fox aliletwa majani yakiwa bado mdomoni. Akasema, "Wazee wangu, nitazameni meno. Mimi na waliotangulia kwetu hatujapata kuonja nyama." Punda, aliyekuwa hakimu, akamjibu, "Babu yako aliitwa hivyo na majirani waliomjua. Wataka tuwafanye wafu wale waongo?" Akahamishwa nchi. Naye Lamb akaongezewa zizi la pili, maana hofu ilikuwa imeenea na mlinzi mwaminifu alihitajika zaidi kuliko awali.

Koo za Fox na Lamb zipo Uingereza hata leo. Mmoja wa akina Fox, George, aliyezaliwa mwaka 1624, ndiye aliyeasisi jumuiya ya kidini ya Quakers. Mwaka 1651, akiwa mfungwa mjini Derby, alitakiwa kuwa kapteni wa jeshi ili aachiwe. Alikataa kushika silaha, naye akarudishwa kifungoni.