Sifa za Tovuti Isiyo na Haraka

Kila baada ya miaka 2 Umoja wa Mataifa hutoa ripoti ya serikali mtandao, ukipima huduma zilizomo, mawasiliano ya nchi na elimu ya watu wake. Subira haimo katika mizani hiyo. Ndiyo maana tovuti ninayoisifu leo, mali ya ofisi ambayo jina lake nalisitiri kwa heshima, haijavikwa nishani.

Sisi wageni wa Gihosha, hapa Bujumbura nchini Burundi, tunazijua fadhila zake. Haibagui: Mkongomani wa Uvira, Mtanzania wa Kigoma, Mhindi mwenye duka, wote inawanyima sawasawa. Ukitafuta ada ya viza ya kukaa, unapewa picha ya mkubwa akikata utepe. Ukitafuta saa za kazi, unapewa hotuba yake, tena nzima.

Ni aminifu pia. Makao makuu ya kisiasa yamehamia Gitega, mikoa 18 imegeuzwa 5 mwaka 2025, tovuti yenyewe imeshikilia 18 yake pamoja na simu za maofisa waliokwisha kustaafu. Kiingereza ni lugha rasmi Burundi tangu 2014, kwa hiyo bendera ya Uingereza ipo pale juu. Ukiibonyeza unarudishwa kwenye Kifaransa, kama mtoto anayerudishwa jamvini amalize ugali wake. Kiswahili, kinachosemwa Buyenzi kutwa, hakina bendera. Angalau hakimpotezei mtu bando.

Lakini fadhila kuu ni picha yake ya mgeni. Mgeni wake hushukia uwanja wa Melchior Ndadaye akiwa na mtaji, anaulizia madini na kahawa. Yule anayeingilia mpakani Gatumba, begi moja mgongoni, nyuma ya pikipiki, haijawahi kumsikia. Februari 2025 Wakongomani kwa makumi ya maelfu walikimbia vita, wengine wakiuvuka Rusizi mtoni penyewe. Hao ndio waliokuwa na maswali. Ukurasa wa mbele uliendelea kuwakaribisha wawekezaji, bila kupepesa.

Na kwa ukimya huo imetupa majirani. Mwenye nyumba ndiye anayekuhimiza uandikwe kwenye daftari la kaya kabla polisi hawajaja kukagua. Mama wa mkaa anaijua ada ya mwaka huu. Kijana wa fotokopi karibu na ofisi ya zoni anamjua karani aliye likizo na yule anayejifanya yuko likizo. Elimu yote hii ingekufa siku tovuti ikifanya kazi, na kijana huyo angefunga kibanda, maana riziki yake ni kuuza fomu ambayo tovuti inasema hutolewa bure.

“Ile ya mtandaoni wanaikataa, mzee,” huniambia, akihesabu chenji. Kuifungua hajawahi. Yeye fomu zake huletewa na karani.