Salama, Maalim

Wako waja ambao Mola amewapa mtihani wa ulevi, na wako aliowapa mtihani wa kamari. Mimi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili na mkazi wa Kitale, nimepewa mtihani wa sinema za Mashariki ya Mbali. Wala sisemi zile ambazo watu wazima na akili zao huruka juu ya mapaa wakipigana mateke hewani, ijapokuwa hizo nazo nilizihusudu ujanani, na kama vijana wote wa rika langu nilikataa katakata kuamini kwamba Bruce Lee alifariki Julai 1973, kabla haijatoka ile sinema iliyolieneza jina lake ulimwenguni. Nasema zile za taratibu, ambazo mzee huketi peke yake akamenya tunda, na kumenya huko ndiko kukawa tukio kubwa la siku.

Mama watoto amenistahimilia mengi. Nilipomwonyesha ile ya Wong Kar-wai ya mwaka 2000, ambamo majirani wawili wa Hong Kong, yeye mume wa mtu na huyu mke wa mtu, hupishana ngazini wasiambiane lililo moyoni, aliitazama kwa adabu hadi tamati, kisha akauliza swali moja tu: ni mwanamke gani huyu ambaye kila akienda kununua tambi huvaa gauni jipya, ilhali jiko kwake lipo? Jawabu sikuwa nalo, na tangu siku hiyo sinema zangu huzitazama usiku wa manane, sauti nimeibana, mithili ya mwizi aliyejiibia mwenyewe.

Lakini shauku haikubali kufungiwa. Hivyo Jumamosi moja nilishuka Kipsongo, pale pembezoni mwa mji, mahali ambapo wengi wa wakazi ni jamaa za Waturkana waliosukumwa na ukame na wizi wa mifugo, nikamwendea kijana mmoja mwenye kibanda cha video, yaani mabati manne, mabenchi ya mbao, televisheni moja, na blanketi mlangoni la kuzuia jua. Kiingilio shilingi 20, ambazo vijana huziita mbao. Mkononi nilikuwa na santuri niliyoinunua stendi kwa mchuuzi: *Hadithi ya Tokyo*, kazi ya Yasujiro Ozu ya mwaka 1953, dakika 136 za wazee wawili waliofunga safari kutoka Onomichi kwenda kuwaamkia watoto wao mjini, wakakuta watoto hawana nafasi.

"Ni ya Kijapani?" akauliza kijana.

"Ya Kijapani hasa."

Kosa langu la awali ni kutomfafanulia, kwa maana kwake yeye Mjapani na Mchina ni kitu kimoja, na kitu hicho ni ngumi. Niliporejea saa nane nikakuta ubao umeandikwa kwa chaki: LEO TOKYO, MOTO! Ndani walikuwamo watu 23, na mlangoni mama mmoja muuza mahindi ya kuchemsha, ambaye kwa kuwa alikuwa jirani wa kibanda hakutozwa kitu.

Robo saa ikapita, hakuna aliyepigwa hata kofi. Wazee wakafungasha mizigo, wakatabasamu, wakatafuta mto wa kupuliza hewa ambao kila mmoja alidhani mwenziwe ndiye aliyeuhifadhi.

"Mwalimu, steringi ni nani?" kijana mmoja akaniuliza.

"Yule mzee."

"Huyu? Na jambazi?"

Hapo nikatanabahi kwamba watu hawa, waliolelewa na sauti ya DJ Afro, kama wenzao wa Tanzania walivyolelewa na Lufufu, na majirani zetu wa Uganda na maveejay wao wa Kiganda, hawajazoea sinema isiyo na mtu wa kuisimulia. Nami, kwa ujasiri ambao sijui niliutoa wapi, nikasimama kando ya televisheni nikajitwika kazi ya dijei. Tatizo ni kwamba maandishi ya chini hayakuwa ya Kiingereza. Yalikuwa ya Kimalei. Hata hivyo sikufadhaika, kwa sababu Kimalei nacho kimekopa kwa Waarabu kama sisi, na macho yangu yalikuwa yakiyadaka maneno kama samaki: *dunia*, *sabar*, *hukum*, *zaman*. Nani atakayekosa kujenga hadithi kwa maneno hayo? Palipoandikwa *rumah* nikawaeleza kwamba wazee wanaomba huruma. Palipoandikwa *selamat malam* nikasimama wima, nikatangaza kwa fahari ya mtu aliyeikuta kazi yake ikiheshimiwa ugenini: "Wanamwambia, Salama, maalim! Kumbe mzee huyu alikuwa mwalimu!"

Basi kibanda kikatulia. Ozu alikuwa na ada ya kuweka kamera chini, kimo cha mtu aliyeketi mkekani, na kwa kuwa mabenchi yetu yalikuwa ya kimo cha goti, tukawa tumekaa na wazee wale macho kwa macho, kama wageni wa nyumba moja. Watoto walipowapeleka wazazi Atami, kwenye hoteli ya makelele, ili wao wapumue, yule mama wa mahindi akauliza kwa sauti iliyofika barabarani:

"Mwalimu, hawa watoto wanachapwa saa ngapi?"

Wallahi, katika yote yaliyoandikwa juu ya sinema hiyo sijakutana na swali lililoipita hiyo shabaha. Nikajibu, "Bado kidogo," na kwa ahadi hiyo ya uongo nikawashikilia watu wale zaidi ya nusu saa, wakimngoja mzee ainuke, hata ikafika pale mama mzee alipokwisha kurudi kwao na kulazwa kitandani hajitambui. Hapo stima ikapotea.

Sitasimulia kelele zilizofuata. Shilingi 460 zilitoka mfukoni mwangu, maana mwenye kibanda alishikilia kwamba aliyeahidi kipigo ni mimi, na mmoja wa wateja akadai na nauli ya Kiminini.

Jioni ile binti yangu alinitafutia maana katika simu yake. *Rumah* ni nyumba. *Selamat malam* ni usiku mwema. Yule maalim niliyewaundia watu wa Kipsongo alikuwa usiku tu. Lakini jina limeshika, na hadi leo nikipita pale watoto hunipigia ukelele, "Salama, maalim!"

Yule mama naye alinisimamisha wiki ya pili, bunzi la mahindi mkononi. "Mwalimu, yule mgonjwa alipona?"

Nilikuwa nimekwisha kuimalizia sinema nyumbani, usiku, sauti nimeibana. Nikamwambia alipona, na watoto wakachapwa. Nawe msomaji, ukipita Kipsongo, nakusihi usimwambie vinginevyo.