Somo la Kwanza Tumelielewa: Barua ya Wazi kwa Kamati za Udahili

Kwa Waheshimiwa Wajumbe,
Kamati za Udahili wa Shahada za Uzamili,
Shule za Sera na Utawala wa Umma,
Marekani na Uingereza.

YAH: PONGEZI KWA KUANZISHA SOMO LA URASIMU KWA VITENDO

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa miaka mingi waombaji wa Afrika Mashariki wamelalamika kwamba fomu zenu hazina mwisho, ada zenu ni nzito na masharti yenu nayo yana masharti. Kwa barua hii nawaombea radhi waombaji hao, maana hawakuwaelewa. Walidhani wanaomba nafasi ya kwenda kusoma sera za umma, kumbe masomo yalishaanza siku walipofungua akaunti kwenye mfumo wenu. Udahili wenu ndio somo la kwanza la shahada, tena linafundishwa kwa vitendo: namna taasisi inavyoweza kumchosha mwananchi mpaka aondoke mwenyewe, bila ofisa yeyote kulazimika kumwambia hapana. Wengine hungoja mwanafunzi afike darasani ndipo wamfundishe. Ninyi mnamfundisha angali kwao, kwa gharama yake mwenyewe, na akishindwa njiani hakuna anayehesabu kwamba mmepoteza mwanafunzi.

Kwamba mnafanya haya kwa kujua, ushahidi uko kwenye rafu za maktaba zenu. Mwaka 2018 Pamela Herd na Donald Moynihan, wasomi wa sera za umma wa Marekani, walichapisha kitabu kuhusu mzigo ambao taratibu za serikali humtwisha raia. Waliugawa mafungu matatu: gharama ya kujua kinachotakiwa, gharama ya kukitimiza, na gharama ya moyo, yaani fedheha na wasiwasi wa kujieleza mbele ya dirisha lisilomjali mtu. Mzigo huo hauwaangukii wote sawasawa. Mwenye muda, fedha na watu wa kumwelekeza hupita, na yule ambaye huduma ilimkusudia ndiye hubaki nje. Miaka sita kabla ya kitabu hicho, Eric Bettinger na wenzake walikuwa wamechapisha matokeo ya jaribio kuhusu fomu ya serikali ya Marekani ya kuombea msaada wa masomo ya chuo. Kaya za kipato cha chini zilikaa na mtu aliyezisaidia kuijaza papo hapo. Miongoni mwa vijana wao waliokuwa wakimaliza sekondari, waliofikisha miaka miwili chuoni walipanda kutoka asilimia 28 hadi 36. Kaya zilizopewa maelezo matupu, bila mkono wa kuzisaidia, hazikuonyesha badiliko la maana. Kwa hiyo mnapojibu kila swali kwa kusema maelekezo yote yako kwenye tovuti, mnajua fika kwamba maelekezo peke yake hayamvushi mtu mto.

Susan Dynarski, alipokuwa profesa katika shule ya sera za umma ya Chuo Kikuu cha Michigan, alikwenda mbele zaidi. Yeye na wenzake waliwaandikia wanafunzi hodari wa kipato cha chini katika jimbo la Michigan, wakawaahidi mapema kwamba wakidahiliwa hawatalipa karo, wala hawatatakiwa kujaza fomu za kuthibitisha umaskini wao ili ahadi itimie. Waliotuma maombi walikuwa asilimia 68, wakati miongoni mwa wenzao ambao hawakupata barua walikuwa asilimia 26. Chuo hakikumwaga fedha mpya kwa wingi, kwa kuwa wengi wa vijana hao wangepata msaada kama huo hata kwa njia ya kawaida. Kilichobadilika ni kwamba waliambiwa mapema, kwa lugha nyepesi, na bila kuzungushwa. Huu ni utafiti wa mwalimu wa shule ya sera, juu ya udahili wa chuo. Hamhitaji kuuagiza ng'ambo.

Tuje basi kwenye mada za somo lenu, tuanze na ada. Mtihani wa GRE, unaotumiwa kuwapima waombaji wa uzamili, peke yake huuzwa dola 220 katika nchi nyingi. Kwa viwango vya karibuni vya kubadilishia fedha, hizo ni zaidi ya shilingi nusu milioni za Tanzania. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma Tanzania, baada ya nyongeza iliyoanza Julai 2025, ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Mwenye shahada hulipwa zaidi ya hapo, nakubali, lakini huo ni mtihani mmoja tu. Unafuata mtihani wa Kiingereza, ambao bei yake haiachani sana na huo, kisha ada ya maombi isiyorudishwa, inayolipwa kwenye kila mlango unaobishwa. Ipo njia ya kuomba msamaha wa ada, nayo ina fomu yake. Tangu janga la UVIKO-19 shule nyingi zimeufanya GRE kuwa wa hiari, na hapo ndipo ufundi wenu ulipokomaa. Mwombaji anaambiwa si lazima, ila akipenda alete. Basi anabaki kukisia kama wenzake wamepeleka, na kama ukimya wake utahesabiwa kuwa unyenyekevu au udhaifu. Herd na Moynihan wangeiita hiyo gharama ya kujua. Ninyi mnaiita hiari.

Fomu yenyewe inastahili tuzo. Katika mifumo mingi kisanduku cha wastani wa alama kinataka tarakimu isiyozidi 4.0, wakati vyuo vikuu vya Tanzania hukokotoa GPA kwa kipimo cha 5.0. Mwenye 4.3, ambaye kwetu amekosa daraja la kwanza kwa nukta moja, akiiandika alivyoipata kisanduku kinageuka chekundu kumjulisha kwamba amekosea. Akitaka kuigeuza iingie kwenye kipimo chenu, maelezo ya pembeni yanamkataza kugeuza alama zake mwenyewe. Hatua inayofuata haifunguki mpaka kisanduku kijazwe. Sioni mfano bora zaidi wa kumfundisha ofisa wa baadaye jinsi sheria mbili, kila moja ikiwa na maana yake, zinavyoweza kukutana juu ya kichwa cha mtu mmoja na kumfanya mkosaji.

Mada ya lugha ndiyo iliyonivutia kuliko zote. Kijana wa Tanzania aliyepita shule ya serikali hubadilishiwa lugha ya kufundishiwa aingiapo kidato cha kwanza. Mtihani wa kidato cha nne huufanya kwa Kiingereza, isipokuwa Kiswahili na masomo mengine machache. Akiwa chuo kikuu husikiliza mihadhara, huandika tasnifu na hupokea cheti kwa Kiingereza. Kama mpango huo ni wa busara ni ugomvi wetu wenyewe, nao haujaisha. Lakini baada ya yote hayo, anatakiwa alipie mtihani kuthibitisha kwamba anaijua lugha ya cheti chake, na matokeo yake huisha muda baada ya miaka miwili kama maziwa ya pakiti. Serikali ya Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi mtihani huo kwa ajili ya viza. Imo Jamaika, imo Trinidad na Tobago, imo Malta. Nchi huru ya Afrika haimo hata moja. Mwaka 2021 Ebenezar Wikina wa Nigeria alianzisha ombi la hadhara kuhusu jambo hilo, na maelfu wakalitia saini. Jibu la serikali likawa kwamba nchi huingia orodhani ikithibitika kuwa zaidi ya nusu ya watu wake wana Kiingereza kama lugha ya kwanza. Kanuni safi kabisa, ila Malta lugha ya kwanza ya walio wengi ni Kimalta. Mtasema orodha ni ya Wizara ya Mambo ya Ndani, si yenu. Kweli, lakini vyuo vyenu vingi vimeiazima na kuifanya kipimo chao. Shule nyingi za Marekani, kwa haki, humsamehe aliyesoma shahada ya kwanza kwa Kiingereza. Jambo linalowezekana Marekani haliwezi kuwa muhali Uingereza.

Mada ya nne ni barua za watu wanaomfahamu mwombaji. Mwaka 1854 ilichapishwa ripoti ambayo Stafford Northcote na Charles Trevelyan waliiandikia serikali ya Uingereza, nayo ikaja kuwa msingi wa utumishi wa umma wa kisasa. Walilaani ajira za kubebana, ambapo kijana aliingia ofisini kwa sababu mkubwa fulani alimjua, wakataka mitihani ya wazi ya ushindani. Ukisoma historia ya utawala wa umma huwezi kuikwepa ripoti hiyo. Nasi Tanzania hadi leo tunapambana na kimemo, kile kikaratasi cha mkubwa kinachomvusha mtu foleni. Kisha mwombaji anafungua mfumo wenu na kukuta mnamdai vimemo vitatu. Mtajibu kwamba barua hueleza tabia na uwezo ambao alama hazionyeshi. Hueleza, pale mwandishi anapomjua mwanafunzi na kuujua mtindo wa barua hizo, ambamo kila kijana ni miongoni mwa watatu bora waliowahi kufundishwa. Mhadhiri aliyesimama mbele ya ukumbi wa mamia, ambaye amelelewa katika desturi ya kusifu kwa kiasi, huandika kwamba fulani ni mwanafunzi mzuri na mwenye bidii. Kwake hiyo ni sifa kubwa. Mezani kwenu husomeka kama onyo.

Hoja yenu nzito nitaitaja kwa heshima, maana mmoja wa waasisi wake ni mwenzenu. Mwaka 1982 Albert Nichols na Richard Zeckhauser, ambaye amekuwa profesa wa Shule ya Kennedy ya Harvard kwa miongo mingi, walieleza kwamba usumbufu unaweza kuwa na faida: ukiweka foleni, asiye na shida ya kweli hatajipanga. Jaribio lililofanywa Indonesia kuhusu ruzuku kwa kaya maskini liliunga mkono hoja hiyo. Kaya zilipotakiwa kwenda kuomba zenyewe, wenye nacho wengi hawakujisumbua. Basi mtasema masharti yenu yanachuja wenye nia ya kweli. Lakini hoja ya Nichols na Zeckhauser ina sharti lake: usumbufu uwe mwepesi kwa mlengwa na mzito kwa asiyelengwa. Foleni hufanya hivyo kwa sababu saa ya tajiri ina bei kubwa kuliko ya maskini. Dola mia mbili hufanya kinyume chake. Zinampita mtoto wa balozi bila kumgusa, zinamsimamisha ofisa mipango wa halmashauri ya wilaya ya Kakonko, ambaye ndiye anayeandika bajeti ya zahanati na ndiye mngepaswa kumtamani darasani. Mnadhani mnachuja nia, na kinachobaki kwenye chujio ni uwezo wa kulipa.

Yuko atakayekumbusha udanganyifu, na Tanzania hatuwezi kujifanya hatujui. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwaondoa kazini watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki ni lazima. Lakini uhakiki una wakati wake, na wakati huo ni baada ya kumchagua mtu. Shule zinazopokea nakala ya kawaida ya matokeo wakati wa maombi, na kudai hati rasmi kutoka kwa waliodahiliwa peke yao, hazijaporomoka. Na atakayesema kwamba anayeona tabu abaki kwao asome Chuo Kikuu cha Mzumbe au cha Dar es Salaam, namwambia huo ni ushauri mzuri, na wengi wanaufuata kwa faida ya nchi. Ila haujibu swali. Shule inayojinadi kuwa inaandaa viongozi wa dunia nzima haiwezi kujitetea kwa kusema dunia nzima ibaki nyumbani. Vyuo vyetu navyo visicheke kichinichini, kwani nakala iliyogongwa muhuri wa wakili na ada isiyorudishwa havikuvumbuliwa Boston.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, nawaomba mchague. Ama mkubali kwamba udahili wenu ni sera ya umma kama sera nyingine, muupime kwa vipimo mnavyofundisha: ada ipimwe kwa kipato cha nchi ya mwombaji, mtihani uwe wa lazima au usiwepo, cheti cha chuo kinachofundisha kwa Kiingereza kitoshe kuwa ushahidi wa Kiingereza, barua zidaiwe kwa walioingia mchujo wa mwisho tu, na kisanduku cha GPA kikubali kipimo cha 5.0. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji utafiti mpya. Au kama hamtaki, basi mtoe stahiki ya somo la kwanza: kila aliyemaliza fomu zenu apewe alama zake kwenye matokeo ya shahada, hata kama hamkumdahili, maana ameshafaulu mada ya urasimu kuliko profesa wake. Shule isiyoweza kurekebisha fomu yake yenyewe haina haki ya kuwafundisha wengine kurekebisha serikali.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mlipakodi.

Nakala: Waombaji wote wa msimu ujao. Ombeni msamaha wa ada kabla ya kulipa, ulizeni kwa maandishi kama mtihani wa Kiingereza unawahusu, na jibu mtakalopewa litunzeni.