Fisi Aliyebisha Hodi

Saiba yangu hapa Garissa ina kompyuta mbili. Ya kwanza ni ya Windows XP, kikongwe ambacho Microsoft waliacha kukihudumia Aprili 2014. Hata masasisho yalipokuwa yakija, niliyakataa kwa kuwa yalikula bando. Basi kila flashi iliyotoka soko la Suuq Mugdi iliingia na kirusi chake, na mafolda ya wateja yakageuka vijia vya mkato visivyofika popote.

Mei 2017 kikaja WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu duniani kote na kudai dola 300 za bitkoini. Kwa Windows zilizokuwa bado zinahudumiwa, dawa ilishatoka Machi. Wengi walioumia ni wenzangu katika dhambi, wale wa "nikumbushe baadaye". Nikakichomoa kikongwe ukutani. Ile ya pili mpwa wangu akaitia Linux.

"Abti, hii haitiwi programu ya mfumo bila paswadi yako."

Nikavimba kichwa. Paswadi, nisije nikaisahau, nikaibandika juu ya skrini kwa herufi kubwa, kisha nikaenda kibanda cha shaah kuhubiri. "Linux ni boma la miiba," nikawaambia. "Fisi atalizunguka hadi alfajiri."

Katikati ya mahubiri simu ikalia: ujumbe kwamba nimepokea shilingi 3,500. Punde akapiga mtu mwenye adabu zote: "Mzee wangu, nimekosea namba. Mtoto yuko hospitali, nirudishie." Nikamrudishia, na dua juu yake mtoto apone. Ndipo nikaangalia salio. Hakuna kilichoingia; kilichotoka kipo. Ujumbe wenyewe ulitoka kwa namba ya mtu tu, nami sikutazama.

Kando yangu alikaa mzee mmoja mfuga ngamia, simu yake kabambe imefungwa kwa raba. Hajui Windows wala Linux. Lakini akitumiwa pesa hutazama salio kwanza, kama anavyomfunua ngamia meno kabla ya kumnunua.

"Boma lako imara, wallahi," akasema. "Ila fisi huyu hakuruka miiba. Alibisha hodi, ukamfungulia, ukamsindikiza na mbuzi."

Nikarudi saiba mbio kubandua ile karatasi. Nikamkuta mteja keshaingia, ametulia kwenye kiti changu.

"Mashallah, abti," akasema, "mwandiko wako unasomeka vizuri."